Kengele Isiyo na Ulimi

Jumapili ile ilianza vizuri mno, na siku inayoanza vizuri mno kule Wisconsin, mwezi wa Mei, yafaa uitazame kwa jicho la pembeni. Jua lilitoka bila kuburuta baridi nyuma yake. Mahindi yalikuwa yameota kimo cha kidole gumba. Ng'ombe wa mzee Delmar Pfaff walikuwa wamelala wakicheua kama wazee wa kanisa baada ya mahubiri, na uani kwake pikipiki tano zilikuwa zimepangwa, zimesuguliwa kwa nta hadi nzi wanateleza.

Ya sita ilikuwa bado njiani, lakini ungeiona kutoka kilomita tatu.

"Watoto, shikeni mikoba!" alipaza sauti Rollie Kvamme. "Basi la shule hilo linakuja!"

Ardis Kvamme aliingia uani, akazima mashine, akashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi za ikulu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza nyuma ya usukani wa basi la shule. Kwa kumtazama tu ungejua rangi ya manjano ya mabasi hayo haijamtoka. Kofia ngumu nyeupe pe. Kizibao cha reflekta cha manjano, manjano ya kuumiza meno. Mistari ya kung'aa hadi kwenye visigino.

"Shemeji," alisema Rollie, akikinga macho kwa kiganja, "ukisimama kwenye shamba la Delmar mahindi yataiva leo leo."

"Na wewe ukisimama jikoni watakubandika mekoni. Mtu mzima umejipaka masizi kama sufuria la msibani."

Watu wakacheka. Hao wawili ndivyo walivyosalimiana. Rollie alikuwa mdogo wake Orrin, marehemu mume wa Ardis; yeye Rollie alikuwa mtu mwenye umbo la jokofu la milango miwili, na siku za kuendesha alijivika weusi kuanzia utosi hadi unyayo: kofia nusu nyeusi, koti la ngozi jeusi, glavu nyeusi, na pikipiki iliyopakwa weusi usiong'aa. Hata vile vireflekta viwili ilivyotoka navyo kiwandani alivibandua kwa kisu cha siagi. Eti vinaharibu sura.

"Mimi reflekta ya nini? Mimi nina sauti." Akavuta mafuta, bomba likanguruma, na kuku wa Delmar wakaahirisha mayai hadi Alhamisi.

"Orrin naye alikuwa na sauti," alisema Ardis.

Kicheko kikakatika.

Ilikuwa miaka miwili sasa. Mahali panaitwa Kona ya Silo, kwenye mnara mmoja wa kuhifadhia malisho ya ng'ombe, saa tisa na dakika kumi alasiri, jua likiwaka kama leo. Pikapu iliyokuwa ikija kutoka upande wa pili ilikata kushoto, na kwa kuwa kule magari hupita kulia, ikapita mbele ya Orrin kama vile barabara ni tupu. Dereva wake aliketi kwenye nyasi akilia kamasi. "Sikumwona," alirudia. "Naapa kwa mama yangu, sikumwona." Kabla ya Orrin alikuwa amekufa mwingine pale pale, na kabla ya huyo mwingine tena. Wote mchana. Na kila dereva alilia wimbo huo huo: sikumwona.

Ardis alimzika mumewe, pamoja na ile pete ya ndoa ambayo Orrin aliivaa shingoni kwa mkufu, kwa sababu kidole chake cha pete kililiwa na mashine ya kuvunia mahindi akiwa kijana. Watoto wake wakamwambia, mama, sasa pikipiki basi. Akawajibu, "Barabara imeninyang'anya mume. Haitaninyang'anya na Jumapili." Siku ya tatu akaenda kununua manjano.

Basi wakajipanga. Delmar, dereva mstaafu wa lori la maziwa, ndiye alikuwa kichwa cha msafara. Nyuma yake wanafuata zigizaga, mmoja kushoto, mmoja kulia, na wa mwisho kabisa ni mkia. Mkia alikuwa Ardis, kwa kuwa anaonekana. Mbele yake, wa tano, alikuwa Rollie. Kazi ya kichwa ni kuhesabu taa za wenzake kwenye kioo cha pembeni: nyuma ya Delmar lazima ziwe taa tano. Kazi ya mkia ni kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Nyuma ya mkia hakuna mtu.

Waliposimama kujaza mafuta, mama mmoja alirudisha gari lake kinyumenyume kuelekea kwa Rollie. Hakupunguza mwendo hata kidogo. Rollie ilibidi aipige buti ya gari kwa kiganja, pwaa, ndipo gari likasimama, shubiri moja kutoka gotini kwake.

"Ee Mungu wangu!" Mama akashuka, mkono kifuani. "Samahani, bwana, sikukuona kabisa!"

"Hukuniona? Mimi? Hata setilaiti zinaniona."

"Samahani sana," alisema mama yule, kwa unyenyekevu mkubwa. Alikuwa akiiambia pampu ya mafuta.

"Mama, niko huku."

"Ndiyo, ndiyo," akaijibu pampu, akaingia garini, akaondoka.

Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Rollie naye alicheka, akasema mama huyo atakuwa amekunywa chakula cha asubuhi. Ardis hakucheka. Tangu walipotoka kwa Delmar alikuwa akisikia kengele. Kengele ndogo, mlio mwembamba wa kukereketa, ting, ting, kila Rollie alipopita kwenye kiraka cha lami. Bomba la Rollie lingeweza kufunika kengele za kanisa. Ile hakuifunika. Ililia kana kwamba imefungwa ndani ya kofia ya Ardis.

Saa nane unusu waliingia baa moja ya kijijini ambayo kila Jumapili hukaanga kuku na vipande vya jibini. Wengine walipokuwa wakivua kofia, Delmar alimvuta Ardis kando. Mzee huyu hakuwa mnong'onaji. Miaka arobaini ya kelele za lori ilikuwa imempa sauti ya mnada. Leo alinong'ona.

"Ardis. Nani alikuwa nyuma yako?"

"Nyuma yangu wapi? Mimi ndiye mkia."

"Nimehesabu taa tano. Tangu kituo cha mafuta, tano." Akahesabu tena kwa vidole. "Lakini wewe hukuwa wa mwisho. Manjano yako naijua, hata kipofu anaijua. Ulikuwa taa ya nne. Nyuma yako ilikuwepo moja."

"Na Rollie?"

"Mahali pa Rollie," alisema Delmar, "palikuwa na lami."

Mle ndani, Twyla, mhudumu wa baa aliyewajua wote kwa miaka kumi na ushee, alileta sahani. Tano. Akapanga mbele ya kila mtu, akafuta mikono kwenye aproni, akawatakia mlo mwema.

"Twyla, mpenzi wangu," alisema Rollie, "umeamua mimi nipungue?"

Twyla akatazama meza nzima, kiti kwa kiti. Macho yake yalipita kwenye kiti cha Rollie kama mtu anayeruka dimbwi.

"Nani kasema?" akauliza.

Rollie akainuka, jokofu zima, akaenda akasimama mbele yake. Twyla akageuka kwenda jikoni, akamkumba kifuani kwa sinia, chupa ya siki ikavunjika sakafuni.

"Yesu! Rollie!" Akarudi nyuma, rangi imemtoka. "Umetokea wapi?"

"Nimekuwa hapa dakika kumi, nakutania."

"Rollie, usinifanyie hivyo." Sasa alikuwa akinong'ona, na macho yake yalikuwa yanahangaika, yanamtafuta mtu aliye hatua moja mbele yake. "Bado upo?"

Hakuna aliyecheka. Jibini ilipoa mezani, na jibini ya kukaangwa kupoa Wisconsin ni jambo ambalo kwa kawaida huitiwa polisi.

Ardis akatoka nje. Akaiendea pikipiki ya Rollie, akapiga magoti kwenye changarawe, akachungulia chini, pale karibu kabisa na barabara. Ilikuwepo. Kengele ya shaba, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ina pengo dogo ukingoni kama jino lililovunjika.

Aliijua. Yeye ndiye aliyempa Orrin.

Kila mwendesha pikipiki kule ana kengele kama hiyo. Husemwa kwamba lami ina vijini vyake. Vinadandia kutoka chini, vinalegeza nati, vinaua taa, vinawaziba madereva macho. Kengele huvinasa tumboni mwake, na mlio ukivipa wazimu vya kutosha vinadondoka, ndiyo maana barabara zina mashimo. Ardis hakuwahi kuyaamini hayo. Mashimo, alisema, yanatokana na uzembe wa serikali ya kaunti. Lakini masharti aliyajua kama kila mtu. Kengele ya kujinunulia inafanya kazi nusu. Kengele ya kupewa na anayekupenda inafanya kazi maradufu. Na usije ukachukua kengele ambayo hukupewa, maana unaichukua pamoja na wapangaji wake.

Akaipindua ili aone ndani. Mle ndani mlikuwa na weusi mtupu, wala hamkuwa na ulimi. Kile kijiti cha kugonga kilikuwa kimekatika, labda siku ile ile ya ajali.

Kengele haikuwa na ulimi. Na ilikuwa imelia asubuhi nzima.

"Usiiguse," alisema Rollie nyuma yake.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye vyuma chakavu. Juzi. Pikipiki ya Orrin bado iko kule, imeota majani." Alizungumza akitazama viatu vyake. "Ni ya kaka yangu. Sina kingine chake, shemeji. Wewe una nyumba nzima."

"Nani alikupa?"

"Anipe nani? Mwenyewe amekufa."

"Basi hukupewa. Ifungue, Rollie. Sasa hivi. Umemwona Twyla."

"Twyla anahitaji miwani."

"Na yule mama wa pampu?"

"Naye anahitaji miwani!" Uso ulikuwa umemwiva. Mtu mzima, mkubwa, mwoga kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, na kwa hiyo mkali. "Unataka niseme nini? Niseme naogopa kikengele? Mimi?"

"Umeiba kitu cha marehemu," alisema Ardis, na neno lilipotoka alijua halirudi tena mdomoni.

Rollie akapanda, akawasha, akatoka kwa kishindo cha changarawe. Mwisho wa maegesho barabara inagawanyika mara mbili. Kulia ndiyo njia ndefu, ambayo kundi lao lilikuwa likiipita kwa miaka miwili. Kushoto ndiyo njia fupi, inayopita Kona ya Silo.

Alikwenda kushoto.

Saa ya baa ilikuwa inaonyesha saa tisa kasoro dakika mbili. Ardis alivaa kofia huku anakimbia, na kama hujamwona mwanamke wa miaka sitini na mmoja akikimbia na viatu vya pikipiki, hujui maana ya bata mwenye hasira. "Nifuateni!" aliwapigia kelele wengine. Hakungoja.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Hakuna kivuli. Hakuna upepo. Nyumba za ng'ombe nyekundu zilisimama mbali, kila kitu kikionekana hadi msumari, siku ya kumwona hata siafu akivuka.

Alimwona Rollie mbele baada ya vilima viwili. Trekta ilitoka shambani ikamkatiza. Dereva wake hata hakugeuza shingo. Rollie akayumba, akapona. Gari dogo jeupe likaja katikati ya barabara, likimsukuma kwenye majani bila haraka, kama unavyopita mahali patupu. Rollie akapona tena. Ting, ilisema kengele. Ting. Ting.

Ardis alivuta mafuta. Alipomkaribia ndipo jambo la kwanza baya likatokea. Macho yake yalianza kuteleza. Alimtazama Rollie, akajikuta anatazama uzio. Akamtazama tena, akajikuta anatazama ng'ombe. Mgongo ule mkubwa ulikuwa mbele yake, na akili yake ikawa inamwambia: hakuna kitu hapo, mama, endelea na safari yako.

"Kunywa sumu," aliiambia akili yake, akakaza macho hadi yakatoa machozi.

Akaangalia kioo cha pembeni kuona kama Delmar anakuja.

Kulikuwa na taa. Moja tu. Ilikuwa karibu.

Akageuza shingo. Barabara nyuma yake ilikuwa tupu hadi kilimani.

Akarudi kwenye kioo. Taa ilikuwepo. Imeinama kidogo kushoto. Taa ya Orrin iliinama hivyo hivyo, tangu siku alipoigonga kwenye mlango wa ghala akakataa kuitengeneza.

Ardis alitaka kusimama. Kila kiungo chake kilimwambia asimame, ashuke, akae kwenye nyasi, amwachie anayekuja apite zake. Taa ikasogea. Ikajaza kioo kizima. Sasa mlio wa kengele ulikuwa haukatiki, ulikuwa uzi mmoja mrefu unaopita sikio hadi sikio.

Mbele likatokea silo, kubwa, la kijivu. Na chini yake, pikapu.

Ilikuwa inakuja kutoka upande wa pili. Indiketa ya kushoto inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Dereva alikuwa ametazama mbele. Alikuwa anamtazama Rollie usoni. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, uso wa mtu anayetazama barabara tupu.

Magurudumu yake yakaanza kukata.

Hapo Ardis akakasirika.

Hakukasirika kidogo. Alikasirika hasira ya miaka miwili, ya jeneza, ya samahani, ya sikumwona sikumwona sikumwona. "Mume umeshakula!" alipiga kelele ndani ya kofia, kwa lami, kwa silo, kwa chochote kilichokuwa kwenye kioo chake. "Shemeji humpati!"

Akachomoka. Akapita kushoto kwa Rollie, akajiingiza kati yake na ile pikapu. Taa kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Honi hajaiachia. Akaanza kuyumba makusudi, kulia, kushoto, kulia, maana jicho la dereva hupuuza kinachokuja moja kwa moja na hushtuka na kinachocheza. Akasimama wima juu ya vikanyagio, kizibao kimejaa upepo kama tanga. Kisha akafanya kitu alichokifanya kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja.

Kule, basi la shule likisimama, hutoa ubavuni mkono wa chuma ulioandikwa SIMAMA, na hapo barabara nzima huganda. Maiti husubiri. Gavana husubiri. Ardis akanyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja wazi, akaukaza kama chuma.

"SIMAMA!"

Pikapu ikapiga breki. Pua ikainama, matairi yakalia, ikagandia nusu imeingia njia yao. Ardis akapita na kioo chake kikikwaruza bampa. Rollie akapita nyuma yake, karibu mno hata kope zake zikasikia joto la injini.

Halafu kimya.

Walisimama kwenye majani. Dereva akashuka. Alikuwa Gaylen, mkulima wa bonde la pili, aliyepanda basi la Ardis tangu akiwa na meno ya maziwa.

"Bi Ardis? Ni wewe?" Alikuwa anatazama huku na huku. "Liko wapi?"

"Liko wapi nini?"

"Basi." Alionyesha lami kwa kidole. "Nimesimama kwa sababu ya basi la shule. Lilikuwa hapo ulipo. Taa nyekundu zinawaka, mkono uko nje. Nikasema, Jumapili hii basi linatafuta nini?" Akanong'ona. "Bi Ardis, lilikuwa na mtu mmoja ndani. Amekaa kiti cha nyuma kabisa."

Ardis alikuwa amepiga magoti tena kando ya pikipiki ya Rollie, spana mkononi. Nati ya kengele ilikuwa na baridi ya theluji ya Januari, ikachuna ngozi ya vidole vyake. Ikakaza. Akakaza zaidi. "Nimefungua nati ngumu kuliko wewe huku kipimajoto kikiwa chini ya sifuri, watoto arobaini wanalia," aliiambia, na ikalegea.

Aliinuka. Rollie alikuwa amesimama pale pale, mikono inaning'inia. Ilimbidi Ardis amshike koti ili asimpoteze.

"Nisikilize. Kengele hii niliinunua mimi. Nilimpa Orrin kwa sababu nilimpenda. Orrin amekufa, na mali ya mume wangu imerudi kwangu, wala si kwa lami, wala si kwa chochote kilichomo humu ndani. Umesikia?" Neno la mwisho hakuwa anamwambia Rollie. Akaiweka kengele kwenye kiganja kile kikubwa cheusi, akavikunja vidole juu yake. "Sasa nakupa wewe, Rollie. Kwa sababu wewe ni ndugu yangu, jinga wee."

Rollie akaanza kulia, bila sauti, yule mtu wa sauti.

Na Gaylen, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwao, akaruka nyuma akaukumba mlango wa pikapu yake.

"Huyu ametokea wapi?"

Delmar na wenzake walifika dakika hiyo. Rollie akaitikisa kengele sikioni mwake, mara moja, mara mbili. Haikutoa mlio wowote, kama inavyopasa kitu kisicho na ulimi.

Walirudi kwa Delmar wote sita, taratibu kama harusi. Alipogeuka uani ili avue kizibao, wenzake wakamzunguka.

"Ardis," alisema Delmar. "Nani amekushika mgongoni?"

Katikati ya mgongo wa kizibao, juu ya manjano, palikuwa na alama ya kiganja. Nyeusi, ya mafuta ya lami. Kiganja kipana cha mwanamume, kidole gumba upande wa kulia. Kilikandamiza hasa, hadi mistari ya ngozi inasomeka. Vidole vilikuwa vinne pamoja na gumba.

Cha pete hakikuwepo.

Rollie aliketi chini pale pale kwenye kinyesi cha kuku.

Ardis alikifua kile kizibao kwa sabuni, kwa petroli, kwa ile dawa anayooshea Delmar matangi ya maziwa. Manjano ilizidi kung'aa. Kiganja hakikufifia. Ukikimulika kwa taa, kizibao chote huwaka isipokuwa pale.

Jumapili iliyofuata alikuwa wa mwisho kufika, kama kawaida. Rollie alimsubiri langoni. Alikuwa amevaa kizibao cha reflekta kikubwa kiasi cha kufunika trekta, amebandika mistari hadi kwenye bomba, na kwa mbali alionekana kama limao lililolelewa vizuri.

"Neno moja tu, shemeji," alisema. "Cheka uone."

"Sijacheka. Nasubiri uive."

Lakini Rollie hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akitazama kizibao chake.

"Kilikuwa mgongoni," alisema polepole. "Jumapili iliyopita kilikuwa katikati ya mgongo."

Ardis aligeuza shingo. Kiganja kilikuwa begani.

"Kitupe, shemeji. Nakuomba. Kichome."

"Nichome kwa nini? Kimenifikisha." Hakujua kama siku ile mkono ule ulikuwa unamsukuma mbele au unamvuta nyuma. Alishalala siku saba analifikiria, na alikuwa amechoka kulifikiria. Kwenye basi lake palikuwa na sheria tatu, zimeandikwa juu ya kioo, na watoto wa vizazi viwili walizijua kuliko sala. Akazisema sasa kwa sauti, bila kugeuka, kama alivyozisema kila asubuhi.

"Ukipanda chombo changu: kaa chini. Shika vizuri. Na usimguse dereva akiwa barabarani."

Kisha akasogea mbele kwenye kiti cha pikipiki, akaacha nyuma yake nafasi ya mtu mmoja.

Springi za nyuma zikabonyea, taratibu, kama zinavyobonyea mtu mzima anapopanda.

Rollie alifumba macho. Ardis akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama kushoto tena. Akawasha indiketa, akaingia barabarani.